Seva mbili katika zizi moja: Jinsi ya kulinda faili za pamoja

AFISI nyingi hazihifadhi nyaraka zake katika tarakilishi ya kila mfanyakazi. Huziweka katika seva moja, na kila mtu huzisoma na kuzirekebisha kupitia mtandao wa ndani.

Mpango huo huokoa fedha na kurahisisha utunzaji, lakini una udhaifu mmoja mkubwa. Seva hiyo ikizimika, shughuli za afisi nzima hukwama.

Dawa inayotumiwa na wataalamu ni kuweka seva ya pili, ambayo hushika usukani punde ya kwanza inapoanguka. Seva zinazounganishwa hivyo na kufanya kazi kama kitu kimoja huitwa klasta.

Hata hivyo, kununua seva ya pili ndiyo sehemu rahisi ya kazi. Sehemu ngumu ni kuhakikisha kwamba wakati wowote ule ni seva moja tu inayoandika faili, kwani fahali wawili hawakai zizi moja.

Urithi wa seva ya akiba

Ili seva ya akiba iendeleze kazi, lazima irithi vitu vitatu: data, anwani na kumbukumbu ya shughuli zilizokuwa zikiendelea.

Kuhusu data, kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuunganisha seva zote mbili na hifadhi moja ya diski iliyo nje yake. Ya pili ni kila seva kuwa na diski zake, huku kila kinachoandikwa upande mmoja kikinakiliwa upande wa pili kupitia mtandao.

Programu ya DRBD, iliyoanzishwa na Philipp Reisner wa Austria na kuingizwa katika kiini cha Linux mwaka wa 2010, hufanya kazi hiyo ya kunakili. Inaweza kuagizwa isithibitishe kwamba faili imehifadhiwa hadi diski za pande zote mbili ziwe zimeipokea. Njia hiyo hupunguza kasi kidogo, lakini huhakikisha kwamba seva ya akiba haikosi maandishi ya mwisho.

Anwani nayo haipaswi kuwa ya seva yoyote kati ya hizo mbili. Wafanyakazi huunganishwa na anwani ya tatu, ambayo huhama. Seva ya akiba inapochukua kazi huitwaa anwani hiyo na kuutangazia mtandao kwamba sasa iko kwake.

Utaratibu wa kuamka ni muhimu. Diski hufunguliwa kwanza, kisha huduma ya faili huanzishwa, na anwani huja mwisho. Anwani ikitangulia, wafanyakazi watabisha mlango wa nyumba ambayo bado haina mtu.

Kumbukumbu ya shughuli ndiyo husahauliwa mara nyingi. Katika NFS, itifaki ya kushiriki faili iliyobuniwa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka wa 1984, toleo la nne huweka rekodi ya nani amefunga faili ipi ili mwingine asiivuruge. Rekodi hiyo lazima ihifadhiwe mahali ambapo seva zote mbili zinaweza kuifikia.

Seva ya pili ikishaamka, huwapa watumiaji wa awali muda wa kudai tena faili walizokuwa wamezifunga kabla ya kuruhusu madai mapya. Katika Linux, muda huo kwa kawaida ni sekunde 90. Kwa hivyo, anayeona kazi imesimama kwa dakika moja na nusu asidhani kwamba mtambo umeharibika.

Aidha, nambari inayotambulisha hifadhi ya faili lazima iwe ile ile katika seva zote mbili. Zikitofautiana, tarakilishi za wafanyakazi zitaelezwa kwamba faili walizokuwa wakitumia hazitambuliki tena.

Kwa watumiaji wa Windows, afueni ilikuja na Windows Server 2012, iliyoleta toleo la tatu la itifaki ya SMB. Toleo hilo huwezesha faili iliyo wazi kuhamia seva nyingine bila kazi kukatizwa.

Funzo la mwaka wa 2012

Seva hizo hutumiana ishara kila mara kuonyesha kwamba ziko hai. Ishara zikikoma, seva ya akiba hukata shauri kwamba mwenzake amekufa. Hapo ndipo hatari ilipo, kwa sababu kimya si ushahidi wa kifo. Huenda seva ya kwanza ingali inafanya kazi, na kilichokatika ni mawasiliano tu.

Zote mbili zikianza kuandika katika diski moja, faili huharibika. Zikiwa na diski tofauti, kunatokea nakala mbili zinazokinzana, na hakuna programu inayoweza kuamua ipi ndiyo ya kweli.

Kampuni ya GitHub ya Marekani, inayohifadhi kazi za waandishi wa programu, ilikumbwa na masaibu kama hayo mnamo Desemba 22, 2012. Seva zake za faili zilipangwa jozi jozi, zikitumia DRBD na msimamizi wa klasta aitwaye Pacemaker.

Mafundi walipokuwa wakiboresha vifaa vya mtandao, mawasiliano yalikatika kwa takriban sekunde 90. Seva zikadhani wenzake wameanguka, zikaanza kupeana amri za kuzimana. Katika baadhi ya jozi, seva zote mbili zilizimika. Mafundi walilazimika kuchunguza rekodi ili kubaini ni ipi iliyokuwa kazini, na ilichukua zaidi ya saa tano kurejesha huduma kikamilifu.

Kinga

Kinga ya kwanza ni kwamba seva ya akiba isiguse faili kabla ya kuhakikisha mwenzake amezimwa. Hilo hufanywa kwa kifaa cha kukata umeme, na amri hiyo inafaa kupitia njia tofauti na ile inayobeba ishara za uhai. Kifaa kisipothibitisha kuwa umeme umekatwa, ni heri huduma isimame kuliko data kuharibika.

Kinga ya pili ni akidi. Wapiga kura wakiwa wawili na kila mmoja akajipigia, hakuna mshindi. Hivyo basi huongezwa mashine ya tatu, hata kama ni ndogo na haihifadhi faili yoyote. Upande wenye kura mbili ndio unaoendelea na kazi, nao uliobaki peke yake hunyamaza.

Kinga ya tatu ni mazoezi. Klasta ambayo haijawahi kujaribiwa ni matumaini tu. Mafundi wanafaa kung'oa kebo ya umeme, na siku nyingine kebo ya mtandao peke yake, wakati ambapo afisi haina kazi nyingi, kisha wapime muda uliopita kabla ya faili kupatikana tena.

Hata baada ya hayo yote, klasta haichukui nafasi ya nakala za akiba. Mfanyakazi akifuta faili kimakosa, hufutika katika seva zote mbili kwa wakati mmoja.