Ukienda Tuvalu, Nenda kama Mgeni

Afunuaye ramani ya dunia kuitafuta nchi ya Tuvalu hapana budi avae miwani. Katikati ya Bahari ya Pasifiki, kaskazini ya Fiji, viko visiwa 9 vya matumbawe ambavyo ardhi yake yote ikikusanywa pamoja ni kiasi cha kilomita 26 za mraba. Wananchi wake ni kama 11,000, idadi isiyotosha kujaza uwanja mkubwa wa mpira. Hata hivyo ni taifa kamili. Mwaka 1974 watu wake walipiga kura kujitenga na Visiwa vya Gilbert, ambavyo leo huitwa Kiribati. Tarehe 1 Oktoba 1978 wakapata uhuru kutoka kwa Waingereza. Na mwaka 2000 wakakaa katika kiti chao cha Umoja wa Mataifa. Msomaji aliye mwanachama atastaajabu kusikia kwamba Bunge lao la watu 16 halina chama hata kimoja. Kila mjumbe husimama peke yake mbele ya watu wa kisiwa chake.

Siku hizi yako maandishi mengi ya ng'ambo yanayowahimiza wenye fedha waende Tuvalu upesi, ati wakaione kabla haijazama. Maneno hayo hayapendezi. Mtu hafungi safari kwenda kumtazama jirani mgonjwa kama atazamavyo sinema. Basi yeyote kati yetu atakayejaliwa kufika huko, akiwa baharia, mwanafunzi au mjumbe wa mkutano, yafaa ajue namna ya kufika na namna ya kukaa.

Njia ya kawaida ni kupita Fiji, na kutoka huko kupanda ndege ya kwenda Funafuti, mji mkuu, mwendo wa saa mbili na nusu hivi. Ndege hizo ni ndogo na haziendi kila siku. Kwa hiyo msafiri asipange kurudi Fiji asubuhi na kuunganisha safari nyingine jioni yake; aache siku mbili tatu za akiba. Dawa zake na nguo ya kubadili azichukue mkononi, kwa kuwa mzigo mzito huweza kubaki nyuma kungoja ndege ya pili. Ruhusa ya kupita Fiji aitafute mapema, na kwa sisi tutokao Afrika ya Mashariki, kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe nyumbani. Saa za huko zimetangulia zetu kwa saa tisa: hapa ikiwa saa sita ya mchana, kule ni saa tatu ya usiku.

Fedha itumikayo ni dola ya Australia, pamoja na sarafu za Tuvalu zenyewe. Mashine za kutolea fedha za benki zilifika nchini kwa mara ya kwanza mwezi wa Aprili 1925 na miaka mia moja juu yake, yaani 2025. Kwa hiyo mwenye busara atabeba noti za kutosha, khasa akikusudia kwenda visiwa vya nje. Umeme wao ni kama wetu kwa nguvu, lakini matundu ya ukutani ni ya namna ya Australia, na plagi zetu haziingii.

Sasa tuje kwenye jambo kubwa, nalo ni maji. Tuvalu haina mto wala kijito. Ardhi yake ni mchanga na matumbawe, na maji ya chini huingiliwa na chumvi. Watu hunywa mvua: hushuka juu ya paa, hupita katika mifereji, huingia katika matangi kando ya nyumba. Mvua ikinyesha vema ni neema tupu. Ikikosa, kisiwa kizima huwa taabani. Mwezi wa Septemba 2011 Serikali ilitangaza hali ya hatari kwa sababu ya ukame, maji yakapimwa kwa ndoo kila nyumba, na New Zealand na Australia zikaleta mitambo ya kutoa chumvi katika maji ya bahari. Mgeni anayefungua bomba na kuliacha litiririke huku akisugua meno anamwaga kinywaji cha mtoto wa mwenye nyumba. Aoge kwa ndoo na kata, kama tulivyozoea wengi wetu. Na maji ya kunywa ayachemshe. Malaria haiko huko, ila homa ya dengi iko, na mbu wake huuma mchana. Hospitali ni moja kubwa, iliyoko Funafuti, na wagonjwa mahututi hupelekwa Fiji.

Mtu wa pwani yetu hatajiona mgeni sana mbele ya chakula. Atakuta samaki, nazi na shelisheli, pamoja na magimbi makubwa yaitwayo pulaka, yapandwayo katika mashimo yaliyochimbwa mpaka kwenye maji. Minazi hugemwa asubuhi na jioni, na tembo lake, likiwa bado tamu, hupewa hata watoto. Wanawake husuka mikeka kwa majani ya mkadi. Ngalawa zao zina mti wa kuelea upande mmoja tu, ilhali zetu zina pande mbili. Mabaharia waweza kubishana usiku kucha ipi ni bora.

Desturi ni za watu wenye staha. Salamu ni "talofa", na shukrani ni "fakafetai". Maneno hayo mawili humfikisha mtu mbali. Mwanamke asitembee kijijini na nguo ya kuogelea, na mwanamume avae shati. Jumapili ni siku ya kanisa na ya kupumzika, si siku ya kupiga kelele ufukweni. Akialikwa katika ukumbi wa jamii akae chini, asipite wima mbele ya wazee. Atakayetaka kuona ndege wa bahari na kasa katika hifadhi ya Funafuti, iliyowekwa mwaka 1996, aombe ruhusa kwanza kwa Kaupule, baraza la kisiwa.

Kiwanja cha ndege chenyewe ni darasa. Wamarekani walikijenga mwaka 1943 wakati wa vita na Wajapani, na ili kukipata walifukua matumbawe na kuacha mashimo makubwa ambayo watu walikaa kando yake, na taka zake, mpaka yalipofukiwa mwaka 2015. Vita haikuwa yao. Mashimo yakawa yao. Kwa miaka mingi kiwanja hicho kimekuwa pia uwanja wa mpira wa jioni na mahali pa kupunga upepo, na king'ora kikilia kila mtu huondoka njiani ndege itue.

Bahari nayo inapanda, si uzushi. Sehemu kubwa ya nchi haizidi mita chache juu ya maji, na wakati wa bamvua kuu maji huchipuka kutoka ardhini katikati ya nyumba. Wenyeji hawakukunja mikono. Mwaka 2023 walimaliza kujaza ardhi mpya Funafuti, yenye urefu wa mita 780 na upana wa mita 100. Mwaka huo huo walitia sahihi mkataba na Australia, ulioanza kutumika 2024, unaowaruhusu watu 280 kila mwaka kuhamia huko. Bahati nasibu ya kwanza ilipofunguliwa mwaka 2025, zaidi ya watu 8,000 waliandikishwa pamoja na jamaa zao. Msafiri asiwaulize kwa pupa kama watahama. Swali hilo wameulizwa na kila mwenye kamera, na mtu aliyejiandikisha huenda bado anapanda pulaka yake.

Visiwa vya nje hufikiwa kwa meli ya Serikali, kama Nivaga III iliyotolewa na Wajapani mwaka 2015. Ratiba hubadilika kwa hali ya bahari na shehena, na safari huweza kuchukua siku kadhaa. Achukue mkeka wa kulalia sitahani, chakula chake na kidogo cha kugawana. Betri zilizokwisha na chupa za plastiki azirudishe nazo mpaka Fiji, kwa maana katika nchi nyembamba kama ile hakuna pa kuzifukia.