Gia za Mkono au Otomatiki? Kwa Mnunuzi wa Gari la Mwendo Kasi

Yapo magari yanayonunuliwa kwa sababu yatawapeleka watoto shule na magunia sokoni, na yapo yanayonunuliwa kwa sababu mnunuzi ameyapenda. Gari la michezo ni la kundi hilo la pili, na kwa hiyo ndilo linalompata mnunuzi akiwa hana kinga: moyo umekwisha kuamua kabla macho hayajakagua. Katika Kata ya Terrat na katika makazi mapya yanayozidi kupanuka kusini mwa Jiji la Arusha, magari ya namna hii si Ferrari wala Porsche. Ni Subaru Impreza na Forester zenye tabo, ni Toyota Altezza, na mara chache Mitsubishi Lancer Evolution; nyingi zilikwisha kutumika Japani kwa miaka mingi kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam.

Makala haya yanahusu swali moja tu ambalo mnunuzi hulazimika kulijibu: je, giaboksi iwe ya mkono au ya otomatiki? Tumelipa swali hili nafasi ya pekee kwa sababu, ukiondoa injini, ni vifaa vichache vya gari ambavyo vikiharibika humtoa mwenye gari fedha nyingi kwa mkupuo. Aliyejinyima miaka kadhaa ili apate gari lake anaweza kulipoteza ndani ya mwezi mmoja, likabaki uani likisubiri giaboksi ambayo hana uwezo wa kuinunua.

Nani ana kasi zaidi?

Kwa miongo mingi jibu lilikuwa jepesi. Mwenye kutaka kasi alichagua gia za mkono, na alikuwa sahihi. Otomatiki za zamani zilikuwa na gia tatu au nne, zilichelewa kubadili, na sehemu ya nguvu ya injini ilipotelea katika mafuta yaliyounganisha injini na gia. Altezza RS200, iliyotoka Japani mwaka 1998, ni mfano mzuri. Yenye gia za mkono ilikuwa na gia 6 na injini ya nguvu za farasi 210. Ya otomatiki ilikuwa na gia 5, na injini yake ilipunguzwa hadi nguvu za farasi 200. Mtengenezaji mwenyewe alikuwa amekwisha kusema ni ipi aliyoikusudia kwa wapenda mwendo.

Mambo yakageuka. Mwaka 1989 Ferrari ilipeleka katika mashindano ya Formula One gari ambalo dereva wake alibadili gia kwa vidole, kwa vibao vidogo vilivyowekwa nyuma ya usukani, na Nigel Mansell akashinda nalo mbio za Brazil. Mwaka 1997 ufundi huo uliingia katika gari la barabarani, Ferrari F355. Mwaka 2003 Volkswagen ilitoa Golf R32 yenye klachi mbili, moja ikishika gia iliyopo na nyingine ikiwa tayari imeandaa gia inayofuata. Nissan GT-R ya mwaka 2007 haikupewa kabisa gia za mkono. Leo Porsche 911 GT3 yenye klachi mbili hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.4, ilhali ndugu yake wa gia za mkono huhitaji sekunde 3.9. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kuifidia nusu sekunde hiyo.

Hata hivyo gia za mkono hazikufa. Toyota ilitoa GR Supra mwaka 2019 kwa otomatiki pekee, na mwaka 2022 ikalazimika kuongeza ya gia za mkono kwa sababu wateja waliitaka. GR Yaris ilikwenda njia ya kinyume: ilianza mwaka 2020 kwa gia za mkono, na mwaka 2024 ikaongezewa otomatiki ya gia 8. Kwa magari mapya, basi, otomatiki huchaguliwa na mwenye kupimana na saa, na gia za mkono huchaguliwa na mwenye kutaka kuhisi gari mkononi mwake. Zote mbili ni sababu za haki.

Lakini tunamwomba msomaji asimame hapa kidogo. Dalali akikwambia kwamba otomatiki za siku hizi zina kasi kuliko gia za mkono, anasema kweli juu ya gari ambalo hauzi. Forester yenye tabo ya mwaka 2004 ina otomatiki ya gia 4. Sifa za Porsche ya leo haziihusu.

Jina moja, mitambo mitatu

Neno otomatiki huficha mitambo isiyofanana. Wa kwanza ni ule wa kawaida, ambao injini huzungusha mafuta na mafuta huzungusha gia. Huu ndio uliomo katika Altezza, katika Impreza na Forester za zamani, na unajulikana vizuri kwa mafundi wa Arusha. Wa pili hauna gia za ngazi kabisa: mnyororo au mkanda wa chuma hupita kati ya puli mbili zinazopanuka na kubana, na uwiano hubadilika bila kikomo cha gia ya kwanza, ya pili au ya tatu. Subaru iliuweka mtambo huu katika otomatiki za Forester iliyotoka mwishoni mwa mwaka 2012. Wa tatu ni ule wa klachi mbili tulioutaja, ambao mnunuzi wa hapa anaweza kuukuta katika Lancer Evolution ya kizazi cha kumi, iliyotoka mwaka 2007.

Kila mmoja una oili yake, na oili ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Mtambo wa mnyororo ukitiwa oili ya otomatiki ya kawaida, mnyororo huteleza juu ya puli na kuzikwaruza, na uharibifu huo hautengenezeki kwa kumwaga oili na kutia nyingine. Kabla ya kukubali huduma ya gereji yoyote, mwambie fundi akuonyeshe chombo cha oili anayotaka kutia na ulinganishe na kitabu cha gari. Si utovu wa adabu. Ni fedha yako. Na usiamini maneno kwamba oili ya otomatiki haibadilishwi maisha yote ya gari. Kwa mazingira ya vumbi, milima na foleni, kuibadilisha kila kilomita 40,000 hadi 60,000 ni busara.

Gia za mkono hazina masharti hayo mengi. Kinacholika ni pleti ya klachi, na muda wake hutegemea mguu wa dereva kuliko umri wa gari. Anayepumzisha mguu juu ya kanyagio la klachi, au anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki, ataimaliza mapema. Gari lililopitia mikono ya vijana wengi huwa limepitia pia miguu yao.

Arusha yenyewe

Jiji la Arusha liko katika mwinuko wa mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi, na injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 za mwinuko, maana yake takriban moja ya saba ya nguvu zilizoandikwa katika tangazo hazipo hapa. Injini yenye tabo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa hiyo Impreza ndogo ya lita 1.5 isiyo na tabo, yenye otomatiki ya gia 4, itachoka kupanda kuelekea Ngaramtoni, wakati yenye gia za mkono itakuruhusu kuchagua gia na kuibakiza injini mahali inapovuta. Ukiwa na tabo, tofauti hupungua sana.

Kutoka katikati ya jiji kuelekea Terrat ni kushuka. Katika mteremko mrefu gia za mkono humpa dereva msaada wa injini bila kufikiri. Wa otomatiki hupaswa kuteremsha mwenyewe gia hadi ya pili au ya tatu, jambo ambalo wengi hawalifanyi, wakaunguza breki. Katika tope la masika hakuna mshindi: klachi huungua kwa kukaza bila kusogea, na otomatiki huchemka kwa sababu hiyo hiyo. Magurudumu yakizunguka bila gari kwenda, acha, acha mtambo upoe, tafuta mawe na majembe.

Betri ikifa, gari la gia za mkono husukumwa likawaka. La otomatiki halisukumwi. Na Subaru ya otomatiki yenye kuendesha magurudumu yote manne isivutwe kwa kamba magurudumu yakiwa chini; ipakiwe juu ya gari la kubebea magari, vinginevyo mtambo uliokuwa mzima utafika gereji ukiwa umekufa.

Liko pia jambo la nyumbani ambalo wanunuzi hulisahau. Ni nani mwingine ataliendesha gari hili? Ikiwa mwenzi wako hajazoea klachi, siku mtoto atakapougua usiku nawe uko safarini, gari zuri la gia za mkono litakuwa pambo la uani.

Ukaguzi

Otomatiki ikaguliwe ikiwa baridi. Muuzaji akiwa amekwisha kuliwasha gari kabla hujafika, rudi kesho yake asubuhi. Kanyaga breki, hamisha gia kwenda rivasi, kisha kwenda mbele. Gari lishike mara moja. Likichelewa sekunde mbili au zaidi, au likishtuka kwa kishindo, ondoka. Palipo na kijiti cha kupimia, tazama oili: nyekundu na isiyo na harufu ni njema, ya kahawia yenye harufu ya kuungua ni onyo. Katika Subaru za otomatiki ya gia 4, tazama taa ya joto la oili ya giaboksi: ikimemeta mara baada ya kuwasha injini, kompyuta ya gari imehifadhi hitilafu.

Gia za mkono zijaribiwe barabarani. Ukiwa katika gia ya nne kwa mwendo mdogo, kanyaga mafuta kwa nguvu. Injini ikipandisha mlio bila gari kuongeza mwendo, klachi imekwisha. Kisha shuka kutoka gia ya tatu kwenda ya pili; ukisikia kukwaruza, meno ya ndani yamelika. Giaboksi ya gia 5 ya Impreza za zamani zenye tabo inajulikana kwa udhaifu pale dereva anapoondoka kwa kuachia klachi ghafla, basi isikilize kwa makini. Ile ya gia 6 ya toleo la STI ni imara zaidi.

Giaboksi iliyobadilishwa

Kwa kuwa Impreza ya gia za mkono hutafutwa na wapenda mbio, wapo wanaochukua ya otomatiki na kuibadili gereji, kisha kuiuza kama ilivyotoka kiwandani. Kubadili si kosa kwa lenyewe. Hatari ni kwamba katika Subaru, uwiano wa meno ya difu ya nyuma hutofautiana baina ya ya otomatiki na ya mkono. Fundi akiacha difu ya zamani, ekseli ya mbele na ya nyuma hushindana kila gurudumu linapozunguka, hadi giaboksi mpya ivunjike.

Udanganyifu huu hugunduliwa kwa dakika tano. Fungua boneti utafute kibati cha kiwandani. Katika Subaru, namba ya giaboksi inayoanza na TY ni ya gia za mkono. TZ, TV au TG ni otomatiki ya kawaida. TR ni ya mnyororo. Namba ikipingana na unachokiona ndani ya gari, muulize muuzaji, na jibu lake liandikwe. Hati ya mnada wa Japani husaidia pia: F5 au F6 ni gia za mkono 5 au 6, AT ni otomatiki, na alama ya R au RA katika nafasi ya daraja ni gari lililotengenezwa baada ya ajali.

Katika mkataba wa mauziano, kwa hiyo, iandikwe aina ya giaboksi na kama ni ya asili. Chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, bidhaa inayouzwa kwa maelezo hupaswa kulingana na maelezo hayo. Na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mtumiaji. Tume ya Ushindani hupokea malalamiko, lakini lalamiko lisilo na karatasi ni gumu kulishughulikia. Hifadhi picha ya tangazo kama lilivyokuwa siku ya kwanza, picha ya kibati, ujumbe mliotumiana na muuzaji, na risiti ya malipo, na fedha zipitie benki au simu badala ya kukabidhiwa mkononi. Muuzaji anayekataa kuandika neno moja, otomatiki au mkono, pamoja na neno asili, amekwisha kukujibu.