Bei ya Usiku Bila Mbu

Koili ya mbu inauzwa rejareja, na nguvu yake yote iko hapo. Dukani kwa Mangi unanunua jozi moja, unaiwasha jioni hiyo hiyo, na kabla ya saa nne usiku chumba kimetulia. Chandarua lazima ununue kizima. Wavu wa dirisha unataka fundi. Feni unajichanga miezi. Kaya inayopata fedha kwa siku hununua kinga kwa siku, na mwaka unakwisha bila mtu kukaa chini kujumlisha.

Tujumlishe. Bei zinapishana kati ya mtaa na mtaa, kwa hiyo nitakazotumia hapa ni za mfano tu. Weka za dukani kwako, hesabu yenyewe haibadiliki. Tuseme pakiti ya koili 10 ni shilingi 2,000. Koili moja huwaka saa saba hadi nane, yaani usiku mmoja, chumba kimoja: shilingi 200. Kwa mwaka ni 73,000. Nyumba ya vyumba viwili vya kulala inateketeza 146,000, na kwa miaka mitatu 438,000. Chandarua chenye dawa ya kudumu kimekadiriwa kutumika miaka mitatu. Kama cha dukani ni 20,000, usiku mmoja chini yake unagharimu shilingi 18. Tofauti ni zaidi ya mara kumi, na hatujaanza kuzungumzia kifua.

Lakini kwanza tujue tunachonunua. Koili ilizaliwa Japani. Mfanyabiashara Ueyama Eiichiro alikuwa ametengeneza vijiti vya kufukiza kutokana na ua la pareto, ila viliisha haraka mno. Inasimuliwa kwamba mkewe, Yuki, ndiye aliyependekeza mwaka 1895 kijiti kirefushwe na kuzungushwa ili kiwake usiku kucha. Pareto ni ua tunalolifahamu: Kenya iliwahi kuongoza dunia kwa kulizalisha, na Mafinga, nchini Tanzania, bado wanalisindika. Koili nyingi za leo, hata hivyo, hazina pareto. Zina viuatilifu vya kiwandani vilivyoiga kemikali ya ua hilo, kama allethrini au transfluthrini, na kiasi chake ni kidogo ajabu, kwa kawaida chini ya nusu ya asilimia moja. Kilichobaki ni unga wa mbao, unga wa vifuu vya nazi, wanga wa kugandishia na rangi. Kwa maneno mengine, karibu pakiti yote uliyolipia ni kuni zilizosagwa, na unazichoma ndani ya chumba ulichofunga madirisha.

Mwaka 2003 watafiti walipima koili zilizokuwa zikiuzwa China na Malaysia. Waligundua kwamba koili moja ikiungua hadi mwisho hutoa chembe laini sawa na za sigara 75 hadi 137. Wapo wanaoitumia takwimu hiyo kutishia watu, wakisema kulala na koili ni kuvuta sigara mia. Siyo hivyo. Mvutaji huingiza moshi mdomoni moja kwa moja, ilhali wa koili husambaa chumbani na sehemu yake hutoka nje. Takwimu hiyo inachotuambia ni kiasi cha moshi kinachomwagwa katika hewa ambayo mtoto ataivuta usiku mzima.

Chembe hizo ndizo huitwa PM2.5, zenye kipenyo cha chini ya mikromita mbili na nusu. Unywele wa mtu una takriban mikromita 70. Vumbi kubwa hunaswa puani na kooni, unakohoa, unapenga, limekwisha. Chembe laini hupita hadi kwenye vifuko vya hewa, mahali damu inapobadilishana hewa na pafu. Zile ndogo kupindukia, za chini ya nanomita 100, zinaweza kuvuka hadi kwenye damu. Udogo huo ndio ule ule wa vitu ambavyo viwanda huviita vya nano, na ndiyo sababu wanasayansi wanaochunguza sumu ya malighafi za nano na wanaochunguza moshi wa jikoni hujikuta wakisoma maandiko yale yale: pafu halijali chembe imetoka maabara au imetoka kwenye unga wa mbao. Mwaka 2013 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliziweka chembe za hewa chafu ya nje katika kundi la visababishi vya saratani vilivyothibitishwa. Nalo Shirika la Afya Duniani, WHO, mwaka 2021 lilipendekeza wastani wa saa 24 usizidi mikrogramu 15 za PM2.5 kwa kila mita ya ujazo. Chumba kilichofungwa chenye koili inayowaka hupita kiwango hicho kwa mbali.

Muuzaji atakwambia ipo isiyo na moshi. Ipo, na hutengenezwa kwa unga wa mkaa. Vipimo vilivyofanywa Pune, India, vilionyesha kwamba koili za aina hiyo hupunguza chembe lakini hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, ile gesi isiyo na harufu ambayo kila msimu wa baridi tunasikia imeua watu waliolala na jiko la mkaa. Koili moja haifikii jiko, ila kulipa zaidi kwa ajili ya kubadilisha moshi unaouona kwa gesi usiyoiona ni biashara mbaya.

Na wale wanaochoma majani ya mwarobaini au makumbi ya nazi kwa sababu ni vitu vya asili? Wameokoa fedha, kweli. Mapafu hawajayaokoa. Udi na ubani nao ni moshi, ingawa hivyo huwaka kwa dakika chache kwa ajili ya harufu na dirisha huwa wazi. Sitawagombeza watu wa pwani kwa hilo.

Sasa, je, koili inafanya kazi? Inategemea unauliza kuhusu mbu gani. Anayekupigia kelele sikioni usiku mijini mara nyingi ni kuleksi, anayezaliana kwenye makaro ya vyoo na mifereji michafu. Anayeleta malaria ni anofelesi, na huyo humsikii sana. Anayeleta dengi, iliyoitikisa Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, ni aedesi, naye huuma mchana, wakati koili yako iko kabatini. Koili hupunguza kuumwa, hilo halina ubishi. Lakini mapitio ya tafiti yaliyochapishwa katika jarida la Journal of Travel Medicine mwaka 2004 hayakupata ushahidi kwamba inazuia malaria. Sisi wanunuzi tunaipa alama kwa ukimya wa chumba, na ukimya huo ni wa kuleksi.

Dawa ya maji ya kuchomeka kwenye soketi ndiyo mshindani wake wa karibu. Tuseme chupa ya kujazia ni 7,000 na inakaa usiku 45: ni shilingi 156 kwa usiku, karibu sawa na koili. Umeme wake hautishi. Kifaa cha wati 5 kwa saa nane kinakula asilimia nne ya uniti moja, yaani shilingi 4 kwa mteja wa shirika la umeme la Tanzania, TANESCO, wa daraja la shilingi 100 kwa uniti, au 12 kwa anayelipa 292, kabla ya kodi na tozo. Moshi hakuna, majivu hakuna, godoro haliungui. Ukilinganisha hivyo viwili tu, chukua cha soketi. Ila kukosekana kwa moshi hakumaanishi kwamba hewani hamna kitu: unavuta kiuatilifu chenyewe kwa saa nane. Kiwashe saa kumi na mbili jioni, kizime unapoingia kwenye chandarua, na chupa ya siku 45 itakufikisha miezi mitatu.

Kopo la kupuliza ni habari nyingine, na hapa nina kisa kutoka Ujerumani. Machi 2006 dawa ya kung'arisha na kukinga vigae vya bafuni iitwayo Magic Nano iliingia sokoni ndani ya makopo ya kupuliza. Katika siku chache watu wapatao mia moja walilalamika kukosa pumzi, wengine wakalazwa mapafu yakiwa yamejaa maji, na bidhaa ikaondolewa. Dunia nzima ikaanza kuogopa nano. Taasisi ya serikali ya tathmini ya hatari, BfR, ilipomaliza uchunguzi, ikaeleza kwamba bidhaa ile haikuwa na chembe zozote za nano. Jina lilikuwa la matangazo. Jambo lililowasumbua wachunguzi ni kwamba dawa kama hiyo ilipokuwa ikiuzwa kwa chupa ya kupampu haikuwa imeleta malalamiko. Kopo la gesi huvunja dawa kuwa vitone vidogo zaidi, na vitone vidogo hushuka chini zaidi kifuani.

Kwa hiyo kopo la dawa ya mbu usilipulize ukiwa umelala, wala juu ya kitanda cha mtoto. Puliza, funga mlango, toka, subiri kadiri lebo inavyosema, kisha fungua madirisha kabla ya kuingia. Kwa wadudu wa msimu ni sawa. Kwa kila usiku ni ghali na ni upuuzi.

Turudi kwenye chandarua, kwa sababu ndicho kilichoshinda kwa bei na kwa ushahidi. Mapitio ya tafiti ya shirika la Cochrane ya mwaka 2018 yalikadiria kwamba vyandarua vyenye dawa hupunguza vifo vya watoto kwa asilimia 17. Tatizo lililojitokeza ni usugu: mbu wengi wa Afrika Mashariki wamezoea kundi lile lile la dawa lililomo kwenye koili, kopo na vyandarua vya zamani. Hapo ndipo jaribio la Misungwi, mkoani Mwanza, lilipopata uzito. Matokeo yake, yaliyochapishwa 2022, yalionyesha kwamba watoto waliopewa vyandarua vyenye klofenapiri pamoja na dawa ya kawaida walipata malaria pungufu kwa asilimia 44 katika miaka miwili, wakilinganishwa na waliopewa vya dawa moja. Ukienda kununua, uliza kama ni cha dawa mbili. Na kabla ya kununua, uliza kliniki: nchini Tanzania mjamzito hupewa bure anapoanza kliniki, mtoto hupewa pamoja na chanjo ya surua, na katika mikoa kadhaa hugawiwa shuleni. Kwa nyumba nyingi, basi, zile shilingi 18 ni sifuri.

Wanaokikataa wanasema joto. Wana haki, Dar ya Februari si mchezo. Jibu lake ni feni, ambayo yenyewe ni kinga, kwa kuwa mbu ni mrukaji dhaifu na upepo humvurugia harufu ya pumzi yako inayomwelekeza. Feni ya wati 50 kwa saa nane hula uniti 0.4: shilingi 40 kwa daraja la chini, 117 kwa la kawaida. Hata kwa bei ya juu, bado iko chini ya koili, na inakupa usingizi.

Wavu wa dirisha ndio uwekezaji ninaoupenda kuliko vyote, na ndio unaowagawa watu kati ya wenye nyumba na wapangaji. Tuseme dirisha moja na fremu yake ni 25,000. Madirisha manne ni 100,000, na ukidumu miaka mitano ni shilingi 55 kwa usiku, nyumba nzima, mchana na usiku, aedesi naye akiwemo. Nchini Gambia, utafiti uliochapishwa 2009 uliona kwamba watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 12 katika nyumba zilizowekewa nyavu, na asilimia 19 katika zile zisizowekewa. Usisahau uwazi kati ya ukuta na paa, wala mlango, maana fundi atakuwekea wavu mzuri dirishani na mbu ataingia juu kama kawaida. Mpangaji, zungumza na mwenye nyumba ukate gharama kwenye kodi kabla hujamwita fundi.

Kuna kitu kipya cha kufuatilia: karatasi laini ya plastiki iliyotiwa transfluthrini, inayotundikwa ukutani bila moto wala umeme. Katika jaribio la Busia, Kenya, kuitumia pamoja na vyandarua kulipunguza malaria kwa takriban theluthi moja. Ikifika madukani kwa bei ya watu, hesabu hii itabidi irudiwe.

Kwa sasa uamuzi wangu ni huu. Anayepanga chumba kimoja: chandarua cha dawa mbili, kisha feni kwa fedha aliyokuwa akiichoma. Mwenye nyumba: nyavu za madirisha mwaka huu, chandarua palepale. Mwenye mtoto mchanga au mgonjwa wa pumu: hakuna koili ndani, hata ile iliyoandikwa haina moshi. Koili iendelee kwa wanaokaa barazani jioni, ikiwa imewekwa upande ambao upepo unaupeleka moshi mbali nao. Na yeyote anayenunua kiuatilifu cha aina yoyote asome lebo: jina la kiambato, kiasi chake kwa asilimia, na namba ya usajili, ambayo nchini Tanzania hutolewa na mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, TPHPA. Kisicho na hivyo vitatu, mrudishie Mangi.