Chepesi Kuliko Mchanga wa Nkuhungu

Kiangazi cha Dodoma, upepo ukipita Nkuhungu huacha mchanga hadi kwenye sahani za chakula. Chukua punje moja uiweke kwenye ncha ya kidole. Uzito wake unakizidi mara maelfu kihisi ninachokistaajabia kuliko vyombo vyote vya fizikia, chenye uzito wa nanogramu 4.3 tu.

Ni waya mwembamba mno wa tangsteni na silikoni, uliotegwa kusaka maada giza, kitu kisichoonekana kinachokadiriwa kuwa asilimia 85 ya maada yote ulimwenguni. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kwa saa 180 za kuvizia, waya ulishtuka mara nne tu. Ukimya wa ajabu huo!

Wenye mitambo mikubwa wapo. LZ ya Marekani imebeba tani 7 za zenoni ya kimiminika, karibu kilomita 1.5 chini ya ardhi, katika mgodi wa zamani wa dhahabu. Ila chembe nyepesi ya maada giza ikiigonga zenoni ni kama punje ya uwele kugonga lori la kokoto: lori halitikisiki. Waya wetu mwepesi, kwa upande wake, ni supakondakta: ukiwa kwenye baridi kali hupitisha umeme bila ukinzani wowote. Nishati kidogo ikiugusa, kipande chake hupata joto, ukinzani unarudi, na mshtuko unasomeka. Mwaka 2025 jaribio la QROCODILE, linalotumia waya wa aina hiyo, lilishuka hadi kunasa nishati ya elektronivolti 0.11.

Miongoni mwa mabingwa wa baridi kali kama hiyo ni jaribio la CUORE la Italia. Mwaka 2014 lilipoza kilo 400 za shaba hadi kelvini 0.006 na kuiweka hapo kwa siku 15.

Baridi hiyo huhitaji heliamu, gesi ileile ya maputo ya harusini, ambayo huwa kimiminika kwenye nyuzi 269 chini ya sifuri. Na hapo ndipo sisi tunapoingia. Miamba ya uwanda wetu wa kati, yenye zaidi ya miaka bilioni 2.5, ina urani na thori zinazozalisha heliamu polepole. Joto la Bonde la Ufa huitoa mwambani. Mwaka 2016 watafiti wa Oxford na Durham, pamoja na kampuni ya Helium One, walitangaza hazina kubwa Rukwa.

Kijana wa Nkuhungu unayesoma fizikia, usiiache. Rekodi ya kuinasa maada giza bado haina mwenyewe.