Foleni ya Kwanza Ilikuwa ya Feri

Tuliegesha gari saa moja na nusu asubuhi, jua la Florida likiwa bado halijaanza kuchoma, na mama akauliza mbona haoni mlango wa kuingilia. Mlango hauonekani kwa sababu uko ng'ambo ya maji. Anayekwenda Magic Kingdom, bustani ya michezo ya Disney, kwa gari lake huliacha upande mmoja wa ziwa la kuchimbwa liitwalo Seven Seas Lagoon, kisha huvuka kwa feri au huzunguka kwa treni ya reli moja. Tukasimama na umati, geti likafunguliwa, tukaingia chomboni. Mama, mzaliwa wa Mkomani, Lamu, aliyevuka kwa feri ya Likoni, Mombasa, maisha yake yote ya utu uzima, akashika chuma cha ukingoni akatazama maji. "Kumbe hata huku kuna feri," akasema.

Tulikuwa wanane: mama, mimi na mke wangu, dada yangu na shemeji wanaoishi Ohio, na watoto wao watatu. Mkubwa ana miaka 11, wa kati 8, kitinda mimba 5. Hatukuwahi kwenda likizo pamoja, sote, hata siku moja. Dada na mumewe waliweka akiba miaka miwili kwa ajili ya safari hii, na ukitazama bei utaelewa kwa nini. Tiketi ya mtu mzima ya siku moja inapita dola 100, na pale utu uzima unaanza miaka 10. Ni mtoto asiyefika miaka 3 tu anayeingia bure. Kwa hiyo mpwa wangu wa miaka 11 alilipiwa sawa na bibi yake.

Mimi kazi yangu ni kufundisha hisabati ya foleni. Wanafunzi wanaponiuliza ina faida gani, huwatajia benki, hospitali na bandari. Siku hizi nawatajia pia likizo ya familia, kwa sababu kitu ambacho familia hununua kwa tiketi ile ni saa kumi au kumi na mbili za mchana mmoja, na sehemu kubwa ya saa hizo huliwa na kusubiri. Saa zinazopotea zinaweza kuhesabika. Nyingi kati yake zinaweza pia kuokolewa, lakini ni asubuhi tu.

Taaluma hii ilizaliwa kwenye simu. Agner Krarup Erlang, mwanahisabati wa Denmark aliyeajiriwa na kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 maandishi yake ya kwanza juu ya jambo hili: watu wanapiga simu kwa nyakati zisizotabirika, kila mmoja anaongea kwa muda wake, je, zinahitajika waya ngapi ili mpigaji asingoje kupita kiasi? Badili simu uweke watoto, badili waya uweke viti vya bembea, hesabu ni ileile. Mwaka 1961 Mmarekani John Little alithibitisha kanuni ambayo sasa hubeba jina lake. Inasema kwamba idadi ya watu walio kwenye foleni ni sawa na kasi wanayoingia, ukiizidisha kwa muda ambao kila mmoja anakaa humo. Ukijua mawili, la tatu unalipata. Ukiona watu kama 900 mbele yako, na mchezo unapakia watu 1,200 kwa saa, utasubiri dakika 45. Kupima muda huo, wafanyakazi wa bustani za Disney walikuwa na njia nyepesi iliyonifurahisha sana: walimkabidhi mgeni mmoja kadi nyekundu yenye kamba mwanzo wa foleni, naye akairudisha mwisho wake. Muda uliopita kati ya mkono na mkono ndio muda wa kusubiri.

Sasa hapa ndipo familia nyingi hukosea. Watu hudhani foleni hukua polepole, sawasawa na idadi ya watu. Sivyo. Chukua dirisha moja la tiketi lenye uwezo wa kuhudumia watu 100 kwa saa, wateja wakija bila mpangilio na kila mmoja akichukua muda wake. Wakija 80 kwa saa, kwa wastani utakuta watu 4 pale. Wakija 90, utakuta 9. Wakija 95, utakuta 19. Angalia vizuri: kutoka 90 hadi 95 wameongezeka watu watano tu kwa saa, lakini foleni imezidi mara mbili. Na wakianza kuja 110, hakuna tena wastani wa kuzungumzia. Foleni itaongezeka watu 10 kila saa mpaka wanaokuja wapungue, na hata wakipungua, lile deni la asubuhi halifutiki papo hapo. Foleni unayoikuta saa nane mchana imeanza kujengwa tangu saa tano.

Ndiyo maana saa ya kwanza ina thamani kuliko tatu zinazofuata. Geti linapofunguliwa, viti vyote ni vitupu na deni ni sifuri. Wageni wanaolala katika hoteli za Disney huruhusiwa kuingia nusu saa kabla ya wengine, na nusu saa hiyo si zawadi ndogo. Sisi tulilala mbali kwa sababu ya bei, lakini tulikuwa getini mapema, na katika saa ya kwanza tulipanda michezo mitatu. Kutoka saa tano hadi saa nane tulipanda miwili. Anayepanga kufika saa tatu lazima akumbuke ule ukaguzi wa mifuko na yale maji ya kuvuka. Kutoka kwenye gari hadi chini ya ngome ya Cinderella hesabu saa nzima.

Si kila mchezo unasogeza watu kwa kasi moja, na hili unaweza kulitambua kwa macho. Feri ya Likoni hubeba kwa mkupuo: chombo kinatua, kinashusha, kinapakia, kinaondoka, na muda wote wa kushusha na kupakia umati umesimama. Bembea za watoto hufanya kazi kwa mtindo huohuo. Dumbo, ndovu anayeruka kwa masikio, ana magurudumu mawili, kila moja lenye ndovu 16. Mtoto hupaa kwa dakika chache, kisha gurudumu husimama ili mama mmoja amfungue mwanawe mkanda, na mwingine atafute kiatu kilichoanguka. Linganisha na Haunted Mansion, lile jumba la mizimu. Viti vyake vimeungana kama shanga kwenye uzi na havisimami. Unakanyaga mkeka unaotembea kwa mwendo uleule wa viti, unakaa, unakwenda. Mchezo wa namna hiyo hupitisha watu zaidi ya 2,000 kwa saa. Kwa hiyo foleni ndefu ya Haunted Mansion inaweza kukutoa haraka kuliko foleni fupi ya ndovu. Wenye watoto wadogo waanze na michezo ya mkupuo asubuhi, ile ya shanga waiweke mchana.

Hesabu peke yake haimalizi jambo, kwa sababu dakika za saa na dakika za moyoni hazilingani. Mwaka 1985 David Maister aliandika makala ambayo hadi leo hatuiachi darasani. Alionyesha kwamba kusubiri ukiwa huna la kufanya huonekana kurefu kuliko kusubiri ukiwa na shughuli. Kusubiri usikojua mwisho wake humchosha mtu kuliko kusubiri kunakotajwa. Na kusubiri unakokuona si kwa haki huuma zaidi. Wahandisi wa bustani hizi wamelishika somo hilo. Dumbo alipohamishwa na kuongezewa gurudumu la pili mwaka 2012, ile foleni yake iligeuzwa uwanja wa kuchezea ndani ya hema la sarakasi. Wazazi walipewa kifaa kidogo kinachotetemeka zamu ikifika, wakakaa, watoto wakapanda ngazi na kuteleza. Uwanja huo wenyewe haukupunguza muda hata dakika moja. Kilichopungua ni machozi.

Kuhusu haki, nieleze jambo moja, maana mtoto wa kati aliniuliza na nikaona aibu kumjibu juujuu. Tulikuwa tumesimama mahali pamoja kwa muda, na kando yetu watu walikuwa wakipita. "Mjomba, mbona sisi hatusogei?"

Wale walikuwa kwenye njia ya wenye miadi. Mfumo huo ulianza mwaka 1999 ukiwa bure: unachukua tiketi yenye saa yako, unakwenda kutembea, unarudi. Tangu mwaka 2021 njia hiyo inalipiwa na inaitwa Lightning Lane. Unachopaswa kukijua ni kwamba viti haviongezeki. Mchezo wa kupakia watu 1,000 kwa saa unabaki na watu 1,000, na pale njia mbili zinapokutana, wenye miadi hutangulizwa. Kila anayepita kando amechukua nafasi iliyokuwa ya walio kwenye foleni ya kawaida. Nilimweleza mtoto hivyo, kwa kutumia peremende alizokuwa nazo mfukoni, akaelewa, na akaacha kulalamika. Alichotaka ni kujua. Kwa maoni yangu familia yenye siku moja tu inaweza kuona faida ya kulipia. Yenye siku tatu na inayoamka mapema ihifadhi pesa yake.

Kosa letu kubwa lilikuwa jingine kabisa, na lilitokea nyumbani kabla ya safari. Hatukumpima kitinda mimba. Space Mountain, ile reli ya kasi ya gizani, haimpokei mtu asiyefika sentimita 112, na mlangoni kuna kipimo kinachosimamiwa kwa usalama wa mtoto mwenyewe. Alisimama pale akanyoosha shingo, akanyanyua visigino, mhudumu akapiga goti akamwambia kwa upole kwamba bado. Alilia kwa uchungu ambao sitausahau. Mpimeni mtoto nyumbani, akiwa na viatu atakavyovaa, na mwambieni mapema kipi atapanda na kipi kinamngoja akikua. Wazazi nao wajue kwamba upo utaratibu wa kubadilishana: mmoja hupanda na wakubwa, mwingine hubaki na mdogo, kisha huingia bila kurudia foleni nzima. Lazima uuombe mlangoni kabla ya kuingia.

Saa nane mchana tuliondoka, na hilo ndilo shauri la wataalamu ambalo watu hulikataa zaidi, wakisema wamelipa. Wakati wa kiangazi mvua ya radi hushuka Florida alasiri, na radi ikikaribia michezo ya nje husimamishwa. Umati wote hukimbilia ya ndani, na zile namba za 90 na 95 nilizotaja huonekana ndogo. Tukarudi hotelini, watoto wakalala, mama akaswali na kujinyoosha. Tulirudi jioni. Maji, kwa taarifa yako, usinunue kila mara: kwenye vibanda vya chakula hutolewa kikombe cha maji ya barafu bila malipo ukiomba.

Usiku wa kuamkia siku ile ya Magic Kingdom nilikuwa nimemwomba kila mtu ataje kitu kimoja tu anachotaka kuliko vyote. Wanane, vitu vinane. Mama alitaka Harambe, na kesho yake tukaenda.

Harambe ni kijiji cha kubuni ndani ya Animal Kingdom, bustani iliyofunguliwa Aprili 22, 1998, chini ya mbunifu Joe Rohde. Kimejengwa kwa mfano wa miji ya pwani yetu, Lamu hasa: kuta za chokaa zilizobanduka, vichochoro, milango ya mbao, na maandishi ya Kiswahili kila upande. Jina limekopwa kwenye wito wa Kenya wa harambee likaachwa na e moja, na mwaka wa uhuru wa kijiji ni 1961, ambao ni mwaka wa Tanganyika. Mama alipitisha kiganja ukutani, taratibu, kama anayekagua kazi ya fundi. "Kuta wameziweza," akasema. "Punda tu ndio wamekosekana."

Kutoka pale tuliingia foleni ya Kilimanjaro Safaris, ambako lori huwazungusha wageni kwenye mbuga ya hekta kama 45, na wanyama wakali wametengwa na wengine kwa mitaro isiyoonekana. Bango lilisema dakika 40. Mama akaanza kusoma maandishi ya ukutani kwa sauti, akiwafafanulia wajukuu, wanaozungumza Kiswahili cha nyumbani lakini hawakukisoma shuleni. Mtoto wa Kimarekani aliyekuwa nyuma yetu akauliza bibi anasoma nini. Mama akamfundisha kuhesabu, moja hadi kumi, na mamake mtoto naye akafuata. Kufika mbele, watu kama kumi na wawili walikuwa wakihesabu pamoja naye, na kitinda mimba wetu, aliyelia jana yake, ndiye aliyekuwa akiwasahihisha.

Jioni nilimuuliza mama, kwa udadisi wa kazi yangu, tulisubiri muda gani pale. Alijibu dakika kumi. Saa yangu ilionyesha 43.