Metronomu ya mazoezi ya nyumbani

Metronomu (kutoka Kigiriki métron, "kipimo", na nómos, "kanuni") ni kifaa kinachotoa mapigo yanayolingana kwa kasi iliyopangwa na mtumiaji. Kasi huhesabiwa kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Metronomu iliyowekwa 60 hupiga mara moja kila sekunde. Iliyowekwa 120 hupiga mara mbili. Wanamuziki huitumia katika mazoezi ili wasikimbie pale wimbo ulipo rahisi wala kuzubaa pale ulipo mgumu.

Makala hii inahusu namna ya kuchagua metronomu kwa mtu anayeanza kujifunza muziki nyumbani, hasa katika mazingira ya Ifakara na bonde la Kilombero, Mkoa wa Morogoro, nchini Tanzania. Huko, kama sehemu nyingine nyingi za nchi, wanafunzi wengi wa kinanda na uimbaji huanzia katika kwaya za makanisa.

Historia

Mwaka 1696 Mfaransa Étienne Loulié alieleza kifaa cha kupimia kasi ya muziki kilichotumia pendulumu, yaani uzito unaoning'inia na kubembea. Kilionyesha kasi lakini hakikutoa sauti. Mwaka 1814 Dietrich Nikolaus Winkel, fundi aliyeishi Amsterdam, aligundua kwamba fimbo fupi yenye uzito juu na chini ya ekseli yake inaweza kubembea polepole kuliko pendulumu ya kawaida yenye urefu huohuo. Johann Maelzel aliichukua fikra hiyo, akaongeza kipimo chenye namba, na mwaka 1815 akapata hataza kwa jina lake mwenyewe. Ndiyo maana kwenye vitabu vya muziki huandikwa "M.M.", yaani metronomu ya Maelzel, na Winkel hakumbukwi na wengi. Beethoven alikuwa miongoni mwa watunzi wa kwanza kuandika namba za metronomu kwenye kazi zao. Alitangaza namba za simfonia zake mwaka 1817.

Umuhimu kwa anayejifunza peke yake

Si kweli kwamba muziki hauwezi kwenda sawa bila mashine. Katika ngoma za bondeni, kama sangula ya Wapogoro, mapigo hushikwa na watu: mpiga ngoma, makofi ya wachezaji na sauti za waimbaji. Bendi za dansi zilizovuma kutoka mjini Morogoro, Cuban Marimba ya Salum Abdallah na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, nazo zilikuwa na wapigaji wa tumba wa kuzishikilia. Anayepotea hurudishwa na wenzake kabla hata hajatambua kwamba alipotea.

Mwanafunzi aliyekaa peke yake na kinanda hana wa kumrudisha. Mkono wa kushoto unapotafuta besi, wimbo husimama kidogo, kisha huendelea. Akirudia hivyo kwa mwezi mzima, kusita huko kunakuwa sehemu ya wimbo wake, naye hakusikii tena. Hukusikia Jumapili, waimbaji 30 wanapofika mbele yake katikati ya ubeti. Kosa la sauti moja kwaya hulifunika; kosa la mapigo huivunja kwaya nzima, na mara nyingi kijana huondolewa kwenye kinanda kabla hajapata nafasi ya pili. Kumtafutia mwanafunzi metronomu mapema ni rahisi kuliko kumvunjia mazoea hayo baadaye.

Aina zilizopo

Metronomu ya springi ni ile ya umbo la piramidi, yenye fimbo inayokwenda huku na huku. Huvutwa kwa ufunguo kama saa ya zamani na haihitaji betri wala umeme. Kwa kawaida namba zake huanzia 40 hadi 208. Ubora wake ni kwamba mwanafunzi huliona pigo likija kabla ya kulisikia, jambo linalowasaidia sana watoto. Hata hivyo ndiyo ghali kuliko zote, na lazima ikae mahali palipo sawa kabisa. Ikiinama kidogo hupiga kwa kuchechemea, pigo moja refu na jingine fupi. Bonde la Kilombero ni tambarare ya mafuriko yenye joto na unyevu mwingi, na miezi ya mvua si rafiki wa mbao wala wa chuma chembamba. Kwa anayeanza, aina hii haifai isipokuwa amepewa.

Metronomu ya kielektroniki ni kifaa kidogo cha kutosha mfukoni, kinachotumia betri ndogo. Hutolewa na makampuni kama Korg, Seiko na Boss. Kifaa cha kawaida kina sauti, taa inayowaka kwa kila pigo, tundu la spika za masikioni, na uwezo wa kukazia pigo la kwanza la kila kipimo. Nyingine zimeunganishwa na kifaa cha kutunia gitaa, na hizo zinamfaa mpiga gitaa. Ifakara si rahisi kuzipata madukani. Mara nyingi huagizwa Dar es Salaam na kuletwa kwa basi au kwa treni ya TAZARA, hivyo mnunuzi hawezi kuijaribu kwanza. Ni busara kumtuma mtu anayeweza kuiwasha hapohapo dukani.

Programu za simu janja ndizo rahisi kuliko zote, kwa kuwa nyingi hazilipiwi na baada ya kupakuliwa hufanya kazi bila bando. Kasoro zake ni tatu. Spika ya simu ni dhaifu mbele ya kinanda au ngoma. Simu za bei nafuu zenye mambo mengi yanayoendelea ndani yake wakati mwingine hurusha pigo. Na simu ni simu: ujumbe ukiingia, mazoezi yamekwisha. Inafaa kuzima mtandao wakati wa mazoezi. Anayetumia spika za masikioni zisizo na waya ataona taa ya kwenye skrini ikitangulia sauti. Mapigo yenyewe yanabaki sawasawa, basi afuate sikio na kuiacha taa.

Kuna pia metronomu ambayo wengi wanayo bila kujua. Vinanda vingi vya umeme, vya Yamaha na Casio kwa mfano, vina kitufe cha metronomu. Kabla ya kununua chochote, mwanafunzi akitafute. Kitufe hiki si sawa na midundo ya kinanda, ile ya ngoma na besi zilizorekodiwa. Midundo hiyo hupendeza, lakini humbeba mwanafunzi: huziba mapengo yake na kumfanya ajione amefika.

Metronomu ya kamba na jiwe

Familia nyingi za bondeni huhamia kwenye mashamba ya mpunga yaliyo mbali na mji wakati wa kilimo, na huishi huko kwa wiki au miezi. Mitambo mikubwa ya umeme wa maji ya Kidatu na Kihansi iko jirani, lakini kwenye vibanda vya shambani chaji ya simu hutoka kwenye paneli ndogo ya sola na hutunzwa kwa ajili ya mawasiliano na tochi. Huko pendulumu ya kawaida hutosha.

Kamba nyembamba isiyovutika hufungwa jiwe, na ncha ya juu hufungwa kwenye boriti. Urefu hupimwa kutoka kwenye fundo la juu hadi katikati ya jiwe. Kila jiwe linapokwenda upande mmoja ni pigo moja, na linaporudi ni pigo jingine. Kamba ya sentimita 99 hutoa mapigo 60 kwa dakika. Sentimita 69 hutoa 72. Sentimita 56 hutoa 80. Sentimita 44 hutoa 90. Sentimita 36 hutoa 100. Na sentimita 25 hutoa 120. Anayesoma fizikia ataona kwamba ili kasi iwe maradufu urefu lazima upungue hadi robo, na kwamba uzito wa jiwe haubadilishi kasi. Jiwe zito lina faida moja tu: huchelewa kusimama. Libembezwe kidogo, si kwa kishindo.

Kwa kuwa pendulumu haitoi sauti na mwanafunzi anatazama nota, mdogo wake anaweza kuitazama na kupiga makofi. Watoto wawili hujifunza kwa pamoja.

Mambo ya kuangalia

Metronomu yoyote ijaribiwe kwa saa yenye mshale wa sekunde. Iwekwe 120, kisha yahesabiwe mapigo ya nusu dakika, yawe 60. Isikilizwe kwa dakika kadhaa kama kuna pigo linalorushwa. Jaribio la pili ni la sauti: mwanafunzi apige ala yake kwa nguvu ya kawaida na aone kama bado anaisikia. Nyingi hushindwa hapa, hasa kwa anayepiga ngoma au tarumbeta, na kwa hao tundu la spika za masikioni ni la lazima.

Kifaa kiweze kushuka angalau hadi 40, kwa sababu anayeanza hufanya mazoezi polepole kuliko anavyodhani. Mambo mengine, kama kuhifadhi kasi 50 tofauti au kuchagua sauti ya kengele au ya mtu, hayaongezi kitu.

Matumizi kwa nota za solfa

Kwaya nyingi za Tanzania husoma nota za solfa badala ya nota za mistari. Katika solfa mapigo yameshagawanywa kwa alama: mstari wa wima hutangulia pigo la nguvu, nukta mbili hutangulia pigo dhaifu, na nukta moja hukata pigo nusu kwa nusu. Basi kila nafasi kati ya alama hizo kubwa ni mlio mmoja wa metronomu. Nakala nyingi za kwaya hazina namba ya kasi, ila neno tu kama "taratibu" au "kwa furaha". Mwanafunzi asikilize kwaya yake ikiimba, ahesabu mapigo ya sekunde 15 na kuzidisha kwa 4.

Namba hiyo ndiyo ya mwisho, si ya kuanzia. Wimbo wa 96 unaweza kuanza na 56, kipande cha vipimo vinne tu, na kupandishwa kwa 4 kila kinapopigwa mara tatu bila kusita. Kwa nyimbo za kipimo cha 6/8, ambazo ni nyingi katika kwaya za Kiafrika, metronomu isipige mara sita bali mara mbili, kila mlio ukibeba nota tatu. Ikipiga mara sita wimbo huwa mzito kama gari lililokwama kwenye tope. Mwanafunzi anapozoea, apunguze milio hadi mmoja kwa kila kipimo, kisha aizime katikati ya ubeti na kuiwasha tena mwishoni ili aone amefika wapi.

Utunzaji

Betri zitolewe kifaa kisipotumika kwa muda mrefu, kwani huvuja na kuozesha vyuma vyake. Metronomu ya springi isihifadhiwe ikiwa imevutwa hadi mwisho, na fimbo yake irudishwe kwenye kishikizo kabla ya kufunikwa. Wakati wa masika vifaa vyote viwekwe ndani ya kopo lenye mfuniko unaobana, pamoja na kifuko kidogo cha mchele mkavu au mkaa wa kunyonya unyevu.