Siku Tatu za Taifa na Maana Yake Kikoneni

Katiba ya Kenya iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 iliandikwa kwa Kiingereza, na raia wengi wa nchi hii hawawezi kuisoma bila ya mfasiri. Hata hivyo, katika kifungu cha 9 mna mahali ambapo Kiingereza kilikipisha Kiswahili. Hapo zimetajwa siku tatu za taifa: Madaraka, tarehe 1 Juni, Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, na Jamhuri, tarehe 12 Desemba. Nikiwa mwanaisimu, naliona jambo hili kuwa zito kuliko linavyodhaniwa. Mtu akikuita kwa jina unalolielewa, una haki ya kumuuliza anakuitia nini.

Kikoneni ni mji mdogo wa wakulima katika eneo la Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale, si mbali na mpaka wa Tanzania. Katika vijiji vya aina hiyo sikukuu ya taifa ina utaratibu wake: wanafunzi huimba, wazee huketi penye kivuli, na afisa wa utawala husimama akasoma hotuba ya Rais kutoka kwenye karatasi. Nimewahi kuzisikiliza hotuba hizo. Zinaposomwa kwa Kiingereza, aghalabu neno pekee ambalo mzee wa Kidigo huondoka nalo ni jina la siku yenyewe. Basi na tulichunguze jina hilo.

Tuanze na Madaraka. Ni wingi wa daraka, neno lenye asili ya Kiarabu, katika mzizi unaomaanisha kulifikia jambo, kulipata na kulifahamu. Ndugu yake ni kitenzi kudiriki. Daraka ni cheo, lakini pia ni wajibu. Tarehe 1 Juni 1963 Kenya ilipata serikali yake ya ndani, Jomo Kenyatta akawa Waziri Mkuu, ilhali ulinzi na mambo ya nje yalibaki mikononi mwa Gavana Mwingereza. Siku hiyo hiyo ilianza kutumika katiba ya majimbo, na Ronald Ngala, kiongozi wa chama cha KADU, ndiye aliyekuwa rais wa Jimbo la Pwani. Kwa Mpwani, basi, madaraka ya 1963 yalikuwa na tafsiri mbili: Mwafrika kujitawala katika Kenya, na Pwani kuwa na sauti katika mambo yake.

Tafsiri ya pili haikudumu. Novemba 1964 KADU ilivunjwa, na tarehe 12 Desemba 1964, Kenya ilipotangazwa kuwa Jamhuri, mamlaka ya majimbo yalikuwa yamepunguzwa mno. Sisemi haya ili kufukua makaburi. Nasema kwa sababu watoto wetu hufundishwa kwamba tarehe 12 Desemba ni siku ya Uhuru wa 1963 na Jamhuri ya 1964, wala hawaambiwi kwamba kwa baadhi ya wazee wao ilikuwa pia siku ya kupokonywa kitu. Serikali za kaunti zilizoanza mwaka 2013 ni jaribio la kukirejesha kitu hicho kwa sura nyingine. Kwa hivyo, kila tarehe 1 Juni mwananchi wa Kikoneni ana swali halali la kuuliza Nairobi, na ana swali hilo hilo la kuuliza mjini Kwale: madaraka mliyopewa kwa niaba yangu mmeyatumiaje?

Neno Jamhuri nalo asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya msingi ni umma, watu kwa wingi wao. Nchi ikijiita jamhuri, imedai kuwa mali ya watu wote waliomo. Dai hilo lilipimwa hapa hapa Kwale. Wamakonde walitoka Msumbiji enzi za ukoloni kuja kufanya kazi katika mashamba ya katani na ya miwa ya Pwani. Wazee walikufa, watoto wakazaa, wajukuu wakasoma na kuimba wimbo wa taifa kila sikukuu, lakini hawakuwa na vitambulisho. Bila kitambulisho mtu hapigi kura, hafungui akaunti ya benki, hapati kazi ya serikali, na hati ya shamba huiona kwa jirani. Wahenga walinena: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa walipewa jembe tangu siku ya kwanza, wakalishika vizazi vitatu, na bado wakaitwa wageni.

Oktoba 2016, mwezi ule ule wa Mashujaa, Wamakonde walianza safari ya miguu kutoka Kwale kwenda kumwona Rais Nairobi. Mapema mwaka 2017 wakaanza kupewa vitambulisho, wakatambuliwa kuwa kabila la 43 la Kenya. Mwaka 2023 ikafika zamu ya Wapemba. Ukiniuliza ni lini Jamhuri ilipata maana yake kamili kwa watu hao, sitakutajia 1964.

Nakuja kwa Mashujaa. Hadi 2010 tarehe 20 Oktoba iliitwa Siku ya Kenyatta, kwa kumbukumbu ya usiku wa 1952 alipokamatwa Kenyatta na wenzake, wakashtakiwa Kapenguria. Waliohukumiwa pamoja naye ni Bildad Kaggia, Fred Kubai, Paul Ngei, Achieng Oneko na Kung'u Karumba. Lakini siku ilibeba jina la mmoja. Katiba ikaliondoa jina hilo, ikaweka nomino ya wingi. Kiambishi ma- ni kidogo, lakini hapo kilifungua mlango mpana. Nani waingie? Gazi, katika pwani hii hii, ilikuwa ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Wapo watakaomtaja kuwa shujaa. Wapo pia watakaokumbusha kwamba mashamba ya Wamazrui yalilimwa na watumwa, na hao hawakuachiwa majina. Siku yenye jina la wingi haina budi kuyabeba masimulizi yote mawili.

Sherehe za kitaifa za Mashujaa za mwaka 2024 zilifanyika Kwale. Lilikuwa jambo la heshima, maana hadi 2016 sherehe hizi zilikuwa za Nairobi. Lakini heshima ya kutembelewa si sawa na heshima ya kutajwa. Mgeni huondoka jioni. Mtaala wa historia hubaki darasani.

Ipo tarehe nyingine inayotufunza kwa njia ya kinyume, nayo ni 10 Oktoba. Ilikuwa Siku ya Moi; Katiba ya 2010 haikuitaja; Mahakama Kuu mwaka 2017 ikaamua kwamba bado ni sikukuu kisheria; ikabatizwa Huduma, kisha Utamaduni, na tangu 2024 ni Mazingira. Siku iliyotangulia kupata mapumziko kabla ya kupata maana hutafutiwa maana kila mwaka, kama nguo ya kuazima.

Ng'ambo ya mpaka, Wadigo wa Tanga husherehekea Nane Nane, tarehe 8 Agosti, Siku ya Wakulima. Sisi tunaye mkulima wa mnazi, mkorosho na mahindi pale Kikoneni, ila hatuna siku yake. Sipendekezi tuongeze sikukuu, zilizopo zatosha. Napendekeza tuzitumie. Hotuba isomwe kwa lugha inayosikika uwanjani, na ikibidi ielezwe kwa Kidigo. Baada ya hotuba ya Rais, wazee wapewe nafasi ya kusimulia siku hizo zilivyowafikia wao. Na kabla ya kutawanyika, viongozi waliopo waulizwe hadharani: daraka lenu ni lipi, ni shujaa gani wa hapa mmemsahau, na ni nani kati yetu bado hana kitambulisho?

Maneno haya matatu yamo katika sheria kuu ya nchi, kwa lugha tunayoifahamu. Kutojua Kiingereza hakumzuii mtu yeyote Kikoneni kudai yaliyomo ndani yake.